Fild ya eko: probu napewa mwishoni tu, mkono nitaupataje?

kidari_kushoto

Shikamoni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni mwanafunzi wa altrasaundi ya moyo, niko katikati ya mafunzo kwa vitendo. Darasani sikuwa mbaya. Mitazamo naijua kwa mpangilio wake, fomula ziko kichwani, ukinichorea moyo nakutajia kila ukuta na mshipa unaoulisha. Shida imeanza nilipokutana na kifua cha mtu.

Kitengoni foleni haiishi. Msimamizi wangu ni mama mpole, hana maneno makali, ila ana wagonjwa wa kumaliza. Kwa hiyo muda mwingi nasimama nyuma yake natazama skrini. Akishachukua picha zake zote ananigeukia: "Haya, jaribu kidogo." Hapo mgonjwa amechoka kulalia ubavu, mimi moyo unanienda mbio kuliko wake, na mama anaangalia saa.

Mtazamo mrefu wa kando ya kidari naupata kwa wengi. Nikizungusha nipate mkato mfupi, si haba. Nikishuka kwenye ncha ya moyo ndipo balaa linapoanza. Vyumba vinne vinakuja vimelala, au naona vitatu na nusu, au pafu linafunika kila kitu. Nasogeza, nazungusha, nainamisha, mara picha inapotea jumla. Yeye akishika probu (kile kifaa cha kuweka kifuani), hata hajakaa vizuri, picha hiyo hapo. Nikimuuliza amefanyaje ananiambia nitazoea.

Mliopita huku, mkono mliupataje? Na nikimwomba muda zaidi, sitaonekana msumbufu? Logibuku, daftari la kazi zangu za mafunzo, inadai uchunguzi kamili, na mpaka sasa nina vipande vipande.

jeli_vuguvugu

Marahaba mdogo wangu. Nimeshika probu miaka mingi na siku hizi kazi yangu kubwa ni kusimamia wanafunzi, kwa hiyo nakujibu kutoka upande wa huyo mama.

Hilo "jaribu kidogo" liombee nafasi nyingine. Mwisho wa uchunguzi haufundishi mtu. Mgonjwa ameshaanza kurudi chali taratibu bila mwenyewe kujua, jeli imekauka, na picha zote zimepatikana, kwa hiyo hakuna anayehitaji wewe upate chochote. Muone asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, umwombe dirisha moja (mahali pa kifua panapoonyesha moyo), umwambie: "Mama, wiki hii naomba dirisha la ncha. Naanza mimi, dakika 5, zikiisha nakuachia hata kama sijapata." Sisi wasimamizi tunamwogopa mwanafunzi anayeomba uchunguzi mzima, maana mtu anayejua kazi huutengea dakika 45 hivi, na wa mwanafunzi hatujui utaisha lini. Dakika 5 zenye mwisho tunazitoa bila kinyongo. Tena ukipata picha nzuri naihifadhi, umenipunguzia kazi.

Kisha baki na dirisha hilo hilo wiki nzima kwa kila mgonjwa atakayelala kitandani: mnene, mwembamba, mwenye mapafu yaliyotanuka, aliyewahi kupasuliwa kifua. Wiki inayofuata chukua lingine. Wanaogusa kila dirisha kila siku hujiona wamefanya kazi kubwa, na fild inakaribia kwisha bado wananiita ncha inapowashinda.

Sasa hiyo ncha. Umeandika "nasogeza, nazungusha, nainamisha," na ugonjwa wako wote umo humo. Probu ina miondoko minne na kila mmoja una kazi yake. Kuitelezesha juu ya ngozi ni kutafuta dirisha. Kuiyumbisha kuelekea upande wa alama iliyo ubavuni mwake, au kinyume chake, kunausogeza moyo kushoto au kulia kwenye skrini. Kuinamisha bapa lake kunakutoa nyuma ya moyo kukuleta mbele. Kuizungusha palepale kunabadilisha mkato wenyewe: kutoka vyumba vinne, kinyume cha saa kama nyuzi 60 unapata vyumba viwili, nyuzi 60 nyingine unapata vitatu pamoja na aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Ukifanya miwili kwa mpigo hujui ni upi uliokuharibia, wala huwezi kurudi ulikotoka. Fanya mmoja, simama, tazama mapigo mawili matatu. Picha ikiboreka endelea huko huko. Ikiharibika, rudi.

Ukishaitenganisha hiyo minne, picha mbaya yenyewe inakuelekeza. Ukuta wa kati umelala badala ya kusimama wima? Yumbisha, ukigoma, telezesha nje zaidi kuelekea kwapani. Aota imejitokeza katikati? Umeinamisha mno kuelekea mbele, rudisha mwali wa sauti nyuma. Unaona ule mshipa mpana wa koronari na vali hazionekani zikifunguka? Umezidi nyuma. Ventrikali ya kushoto (chumba cha chini kinachosukuma damu mwilini) ni fupi, ya duara, na ncha yake ni nene na inarukaruka? Uko juu mno, shuka nafasi moja ya mbavu na utoke nje kidogo. Ncha ya kweli ni nyembamba na karibu haisogei.

Hilo la mwisho ndilo ninalolikazia kuliko yote, kwa sababu ventrikali iliyofupishwa inapendeza machoni. Inaonekana inasukuma damu vizuri kuliko ilivyo, ujazo wake unapimwa mdogo, na bonge la damu lililojibanza kwenye ncha halionekani kabisa. Mwanafunzi anafurahi amepata vyumba vinne. Mimi sifurahi. Heri picha yenye ukungu iliyokatwa mahali pake kuliko picha ya kung'aa iliyokatwa juu.

Kabla ya probu, vidole. Tafuta pigo la ncha kwa mkono, ukilipata una pa kuanzia. Kisha mlaze mgonjwa: ubavu wa kushoto kabisa, mkono wa kushoto juu chini ya kichwa ili mbavu zifunguke. Kama kitanda kina ile sehemu ya godoro inayotolewa, itoe, maana ncha iko hapo hapo na bila hiyo utakuwa unagombana na godoro. Halafu pumzi. Kando ya kidari na kwenye ncha, mwambie atoe pumzi na aizuie, pafu lipishe. Chini ya mbavu ni kinyume: alale chali, akunje magoti tumbo lilegee, avute pumzi ndani aizuie, moyo ushuke kukufuata. (Usisahau kumwambia apumue. Nimeona wagonjwa watiifu wakibadilika rangi.) Yule wa mapafu yaliyotanuka, madirisha ya juu yanaweza kukunyima kila kitu, na chini ya mbavu ukamuona vizuri ajabu. Usipoteze dakika zako zote 5 ukitafuta usichoweza kupata.

Mgonjwa mwanamke: mweleze kabla hujamgusa unakwenda kuweka nini na wapi, mfunike sehemu usiyoihitaji, na ziwa alinyanyue mwenyewe. Probu inakaa chini ya ziwa, kwenye mkunjo. Wanafunzi wa kiume wakiona haya huiweka juu ya ziwa, picha inakuwa mbovu na mgonjwa naye anakosa raha kwa kukandamizwa bure. Muulize pia kama anataka awepo mtu mwingine chumbani. Hata asipotaka, amesikia kuwa ana haki hiyo.

Mashine nitaipita haraka kwa sababu vitufe utavizoea kweli. Anza na kina kikubwa, hasa kwenye mtazamo mrefu, uone nyuma ya moyo kuna nini kabla hujasogea karibu. Maji ya mfuko wa moyo hupita mbele ya aota inayoshuka, kati yake na moyo. Maji yaliyozunguka pafu hukaa nyuma yake. Ukibana kina tangu mwanzo hiyo aota huioni na utabaki kubahatisha. Ukishaona, punguza kina, bana upana wa picha ili fremu ziongezeke, shusha geini (ukali wa mwanga wa picha) mpaka damu iwe nyeusi.

Jambo moja zaidi. Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoanza kazi hii kule Lund mwaka 1953, walikuwa na kifaa cha kukagua nyufa kwenye chuma, na kilichowatokea ni mistari inayopanda na kushuka, hakuna picha. Mstari mmoja ulikwenda kwa kasi na Edler alidhani ni ukuta wa atria ya kushoto, yaani chumba cha juu. Baadaye, kwa kuchunguza maiti, akagundua ni kipande cha mbele cha vali ya mitrali, ile iliyo kati ya atria na ventrikali ya kushoto. Ndiyo maana kwangu mwanafunzi haruhusiwi kutaja kitu mpaka akione kwenye mitazamo miwili. Ukiona kitu kinaelea kwenye atria, sawa, umekiona. Nionyeshe tena kutoka kwenye ncha ndipo tuzungumze.

mita_nne

Namheshimu sana jeli_vuguvugu ila namkubali nusu. Mimi nimetoka fild si zamani, bado maumivu nayakumbuka.

Dirisha moja kwa wiki ni sawa mwanzoni. Ukikaa nalo hivyo bila Doppler (kipimo cha kasi ya damu) utatoka na albamu ya picha nzuri isiyo na namba hata moja. Kila dirisha unalolishika lishike pamoja na Doppler yake. Na Doppler haihurumii mkono mchanga. Picha ya kawaida ikikaa upande inakuonyesha wazi kwamba imekaa upande. Doppler iliyopotoka inakuchorea mkunjo safi kabisa, wenye namba ya uongo.

Angalia hii. Vali ya aota imebana, kasi halisi ya damu ni mita 4 kwa sekunde. Tofauti ya mgandamizo kati ya pande mbili za vali ni kasi mara kasi mara 4, kwa hiyo milimita 64 za zebaki. Sasa mwali wako uko nje ya mkondo kwa nyuzi 30. Utasoma mita 3.5 tu, na mgandamizo utashuka mpaka 48 hivi. Kasi ya mita 4 ndipo tunapoanza kuita ugonjwa mkali, kwa hiyo umemshusha daraja mgonjwa ambaye pengine alipaswa kuonana na daktari wa upasuaji. Pembe siku zote inakosea upande huo mmoja, kupunguza. Ndiyo maana namba kubwa uliyoipata kwenye dirisha moja hailipi deni: tafuta madirisha mengine, na ile probu nyembamba isiyo na picha omba ufundishwe mapema. Mgeuze mgonjwa alalie ubavu wa kulia, weka kulia mwa kidari. Wengi wanaiogopa kwa sababu hakuna cha kutazama, unakwenda kwa sikio. Sauti ikiwa nyembamba na kali kama mluzi uko kwenye mkondo, ikiwa nzito ya kukoroma bado.

La pili ni vipimo. Mgonjwa akishaondoka, omba ukae kwenye picha zilizohifadhiwa, upime mwenyewe, uandike, ndipo ufungue ripoti ya msimamizi. Ukishaiona ripoti kwanza, mkono utaifuata tu. Anza na kipenyo cha njia ya kutokea damu chini ya vali ya aota, kwa sababu kinazidishwa chenyewe kwa chenyewe. Sentimita 2.0 inakupa eneo la 3.14. Ukipima 1.8 ni 2.54. Milimita 2, na karibu moja ya tano ya eneo imekwenda. Eneo la vali hukokotolewa kwa hilo, kwa hiyo vali iliyokuwa na eneo la sentimita mraba 1.1 sasa inasomeka 0.9, umevuka mstari wa 1.0, na mtu ameshaitwa mgonjwa mahututi wa vali kwa sababu ya milimita 2 zako. Kuza picha, gandisha katikati ya msukumo, pima kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Na mapigo yakiwa hayana mpangilio, pima angalau mapigo 5 uchukue wastani. Usichague lile zuri.

Kuhusu logibuku: orodha ya kesho iombe leo jioni. Tafuta wagonjwa wa marudio waliowahi kupimwa hapo, fungua picha zao za zamani, uone nani ana madirisha mazuri. Hao ndio uwaombe kwa uchunguzi kamili, siyo yule aliyelazwa juzi anayehema. Msimamizi akiona umekuja na jina na sababu, mazungumzo yanakuwa mengine.

jeli_vuguvugu

Hapo kwenye Doppler umenishika, mita_nne. Nimezoea kuiacha wiki ya pili na sijui kwa nini. Ila "mahututi wa vali" usiandike kwenye ripoti.

mita_nne

😂 Siandiki mkuu.

bega_la_kulia

Wote mmeruka mwili wa mpimaji. Dogo, umesema unahangaika na ncha. Nakuuliza: unapohangaika, kiwiko chako kiko wapi?

Najua kiko wapi. Kiko hewani, bega limepanda mpaka sikioni, kifundo kimekunjwa, na unaibana probu kana kwamba itakimbia. Picha haiboreki kwa nguvu, na mgonjwa anaumia mbavu. Panga kiti na kitanda kabla mgonjwa hajalala: wewe juu kidogo kuliko yeye, yeye ukingoni kabisa upande wako, mkono wako ukae karibu na mwili, kiwiko kiwe na pa kuegemea. Waya wa probu usiuache uning'inie uuvute mkono wako siku nzima, uzungushe shingoni au uubane. Skrini ikuelekee wewe. Kila baada ya mgonjwa, fungua vidole.

Wapimaji wengi katika kazi hii wanapima huku wana maumivu. Wanafunzi wanadhani ni ya wazee. Bega langu lilianza kudai nikiwa bado kijana, na tabia nilizokuwa nazo wakati huo nilizibeba kutoka fild. Kama chumba chenu kinaruhusu, jifunze na mkono wa kushoto pia, sasa hivi ambapo mikono yote miwili haijui kitu. Baadaye mkono wa kulia utakuwa na kiburi.

kidari_kushoto

Asanteni mno wakubwa. Nimemwambia mama habari ya dirisha moja. Kaniangalia, kacheka, kasema "nani kakufundisha?" Kakubali. Leo kwa mgonjwa mmoja ukuta wa kati ulilala, nikayumbisha tu, nikaacha mengine yote, ukasimama. Kwa waliofuata haikuwa hivyo lakini angalau nilijua nimekwama kwenye nini.

Sasa limezuka jingine. Nikiwa naanza mimi, mgonjwa anakuwa ananitazama usoni. Mmoja kaniuliza, "Mwanangu, moyo wangu mzima?" Nilibaki kimya nikajifanya nabonyeza. Anayejibu hapo anajibu nini? Na siku nikiona kitu kibaya kweli kabla msimamizi hajakiona?

jeli_vuguvugu

Kukaa kimya ndiko kunakowatisha zaidi, maana kimya chako anakitafsiri. Mwambie ukweli ulio wako: "Mimi nipo mafunzoni, nachukua picha. Zitasomwa zote kwa pamoja, na daktari wako ndiye atakayekueleza." Iseme mwanzoni, pale unapojitambulisha na kumwomba ruhusa, kabla hajauliza. Akiuliza katikati, atakuwa ameshaisikia. Usimwambie "kila kitu kiko sawa" hata kama unaona kiko sawa, kwa sababu mgonjwa anayefuata ukikosa kumwambia hivyo atajua. Na uso wako ufundishe: kunja sura kwa picha mbaya na kwa picha nzuri kwa kiasi kile kile.

Kuhusu kitu kibaya, kubalianeni na mama neno kabla. Mimi na wangu tunasema, "Naomba unisaidie na kina." Sauti ya kawaida, mgonjwa hashtuki, na mimi najua naacha nilichokuwa nafanya naja. Hilo neno ni kwa yasiyosubiri: maji mengi kwenye mfuko wa moyo na ventrikali ya kulia inabonyea ndani wakati wa kujaa, utando unaopepea ndani ya aota, bonge linalocheza, ventrikali ambayo karibu haisukumi kitu kwa mtu aliyeingia kwa miguu yake. Huhitaji kuwa na hakika. Nikija nikakuta ni kivuli cha ubavu sitakugombeza, na msimamizi anayegomba kwa hilo anakosea yeye.

Ila kabla hujaniita, bonyeza hifadhi. Usiinue probu kwanza. Picha ndefu, ya mapigo kadhaa, hata kama ni ya upande. Mgonjwa akisogea au akikohoa, dirisha lile lile tunaweza tusilipate tena.